Nyuzi za Kanga ya Mama Ndani ya Dadu

Kaka Yasini, shikamoo.

Wifi ameniambia mguu wako umepona na umerudi dukani. Nimefurahi. Nilitaka uwe mzima kabisa unaposoma haya, maana kuna kazi nakutuma. Nimeandika kwenye karatasi na kumpa mwenzangu anayekuja likizo, kwa sababu ujumbe wa simu huwa unaujibu kwa alama ya dole gumba.

Mimi naendelea. Huku Poland baridi imeshaanza. Asubuhi nakunja mashuka hotelini, mchana naingia darasani, na vidole vimepasuka kwa sabuni. Watu wa kucheza nao sijapata. Mchezo wetu ni wa kuigiza hadithi, na usipoijua lugha ya wenzako unabaki kurusha dadu tu. Ndiyo maana Neema wa kundi letu la Maili Moja aliponiambia, "Jumamosi tunakupigia video, ucheze na sisi," nilivaa vizuri kama naenda harusini.

Msimulizi wa mchezo siku hiyo alikuwa rafiki yako Fadhili.

"Mtu wa Ulaya! Baridi haijakukausha?" akanitania. Kisha akafungua kifuko na kumwaga dadu mezani, na mimi nikaacha kucheka.

Zilikuwa zangu. Zile saba nilizokuachia kabla kundi halijaziona, kwa kuogopa mizigo kupotea njiani, zile ulizoniambia zimepotea. Unajua nilivyozitengeneza: nilimimina ile plastiki ya maji inayoganda kwenye kalibu ya umbo la dadu, na ndani yake nikatandaza nyuzi nyekundu za kanga ya mama. Mama Mkubwa ndiye aliyenikatia pindo la kanga hiyo, siku zile nguo za marehemu zinagawiwa. Alisema, "Wewe mtoto una mambo," lakini alikata.

"Umezitoa wapi nzuri hivyo?" Neema akamuuliza.

"Nimetengeneza mwenyewe, bwana. Hizo nyuzi ni za mapambo tu."

Kaka, moyo wangu ulitulia kabisa. Sijawahi kutulia vile. Ningeweza kupiga kelele, naye angesema naota. Nikataka ajifunge kwa mikono yake.

"Hongera, fundi," nikamwambia. "Umeshazipima kwa maji ya chumvi?"

"Kupima nini?"

Nikawaeleza. Dadu ya kumimina kwa mkono haikosi kiputo cha hewa. Ukiiweka kwenye maji yenye chumvi nyingi inaelea, na upande wenye kiputo ndio unaokuja juu, hata uizungushe vipi. Aliyeitengeneza huwa anaujua upande huo. Fadhili akasema tunapoteza muda, lakini wenzake walishashikwa na hamu. Neema akatoka kwenda kuomba chumvi kwa mama lishe wa jirani, na mama lishe akaja nayo mwenyewe, hataki kupitwa.

"Kumbe kama kupima mayai viza," akasema, akakoroga.

"Anza na ya pande ishirini," nikasema. "Itakuja kumi na nne."

"Acha mbwembwe, wewe," Fadhili akasema.

Ikaja kumi na nne. Neema akaipindua kwa kidole. Kumi na nne tena.

"Ya pande kumi na mbili italeta tatu."

Ikaleta tatu. Fadhili akanyoosha mkono kuchukua simu, eti mtandao unakatakata. Neema akaivuta kwake.

"Mtandao hauna shida, Fadhili. Shida ni wewe."

"Kijana, umekula yai viza," mama lishe akasema.

Hapo ndipo nikawaambia zile nyuzi ni za nini. Niliongea polepole, nikimtazama Fadhili. Nilitaka kila neno limuingie, na niliona linaingia. Alizirudisha dadu kwenye kifuko bila kuinua macho. Usiku alinitumia ujumbe: wewe ndiye uliyemwazima, akadhani ni zako, akazipenda, akakwambia zimepotea, nawe ukanipa habari hiyo kama ilivyo. Anaomba yaishe, ataninunulia nyingine. Badala ya kumjibu, nimekuandikia wewe.

Najua utamtetea. Uliwahi kuniambia, "Si vidude vya plastiki tu, mdogo wangu?" Sasa sikiliza. Usizipokee dadu hizo dukani kwako. Usipokee hela yake wala samahani yake. Mchukue mpaka Kisarawe kwa Mama Mkubwa, yeye aliyemwosha marehemu mama kwa mikono yake. Aketi mkekani mbele yake, amwekee dadu zote saba kiganjani, na aseme kwa mdomo wake zina nini ndani na aliwaambia watu ni nini. Mama Mkubwa atamuuliza maswali, unamjua. Aulize mpaka achoke.

Na wewe utakaa pale pale, usitie neno la kumsaidia. Ulitoa kitu cha mama bila kuniuliza. Fadhili aliiba, lakini mlango ulimfungulia wewe. Nataka Mama Mkubwa akimaliza naye akugeukie wewe, na nataka umjibu.

Baada ya hapo dadu zibaki kwa Mama Mkubwa. Sitaki zirudi kwako, hata kwa siku moja.

Nisalimie wifi, na umwambie sina ugomvi naye. Wabusu watoto. Mama Mkubwa mpe shikamoo yangu kabla Fadhili hajafungua mdomo, maana baadaye hatakuwa na nafasi ya kuipokea.

Mdogo wako, ninayekupenda na nisiyekusamehe bado,
Zuhura