Jezi Namba Tano

Jumatatu, 8 Oktoba 1973

Nimefika nyumbani, Kamachumu. Meli hadi Bukoba, kisha basi. Mguu wa kushoto uko ndani ya plasta kuanzia pajani hadi kifundoni. Mechi tatu za timu ya taifa katika wiki moja, na ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Halafu mwezi mzima hospitali, Dar es Salaam.

Mama alilia kidogo, akaacha. Baba hakulia. Alinisimamisha uani na magongo yangu, majirani wanione. Hajawahi kunitazama vile.

Jumanne, 9 Oktoba

Wageni tangu asubuhi. Wanaingia taratibu, wanapewa kahawa ya kutafuna, wanakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni na kuitazama plasta. Kama wamekuja msibani. Halafu wanaanza kunisifu.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Rugaibula, alisimulia dakika za mwisho za mechi ile. Jinsi nilivyookoa kwa kichwa mpira uliokuwa unaingia golini. Alilisikia jina langu redioni mpaka filimbi ya mwisho. Mtu kavunjika, anasema, na bado anacheza!

Lakini mimi nilitolewa kabla ya mapumziko. Nilitafuna kahawa. Baba alikuwa anatikisa kichwa, anacheka peke yake.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimeelewa ilivyokuwa. Jezi za akiba zilisahauliwa hotelini. Aroni, mchezaji wa akiba, alipoambiwa aingie badala yangu, walinivua yangu wakamvisha yeye. Namba tano. Mtangazaji aliona tano, akaendelea kunitaja mimi, Philbert Karugendo.

Mimi nilikuwa kwenye machela kando ya mstari, kifua wazi, blanketi juu yangu. Niliiona jezi yangu inakimbia. Inaruka. Watu wanaishangilia.

Nilijua kuwa ndani yake yumo Aroni. Sasa nikifumba macho hayumo mtu. Inakimbia yenyewe, haina kichwa. Inakimbia vizuri kuliko mimi.

Jumapili, 14 Oktoba

Baada ya misa Balozi alinishika bega. Anataka nizungumze kwenye mkutano wa tawi la TANU. Mada: kujitolea kwa ajili ya taifa. Baba akakubali kwa niaba yangu.

Mdogo wangu Ildefons ananitania. Eti shujaa wa taifa, na chooni anasindikizwa na mama yake. Nilicheka. Mara ya kwanza tangu nirudi.

Anamwoa Georgina, binti wa mzee Kaijage. Jumamosi tunakamua lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kupeleka ukweni. Kwenye ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye anayeanza kukanyaga ndizi, wengine ndipo wanafuata. Baba alimkanyagia baba mdogo alipooa. Mtoto wa kwanza ni mimi.

Nilisema mguu hautaweza. Baba alishangaa kweli. Mguu uliomaliza mechi ya taifa, akasema, utashindwaje na ndizi mbivu?

Jumatano, 17 Oktoba

Hospitali ya Rubya. Plasta imetolewa.

Huu si mguu wangu. Mwembamba, umepauka, unanuka. Sista aliukunja polepole na nikausikia ule mlio — kama mtu anavunja ukuni mbichi. Ule ule wa uwanjani. Yeye hakuusikia.

Anasema nyuzi za ndani ya goti zimeshika kidogo tu. Magongo kwa miezi miwili. Nikiteleza mara moja, zitakatika tena na hakuna wa kuziunga. Nikauliza kuhusu mpira. Akasema tuzungumze kwanza habari za kutembea.

Ijumaa, 19 Oktoba

Ndizi zimetolewa shimoni, zimeiva sawasawa. Wanawake wanamenya. Nyumba nzima inanuka utamu.

Jioni nilimwita baba shambani, kwenye mibuni. Nilimweleza yote. Jezi. Aroni. Machela. Na aliyosema Sista.

Alikuwa anachuma buni moja moja, nyekundu na mbichi, bila kuchagua — yeye, anayetugombeza kwa buni moja mbichi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, tata."

"Basi asijue."

Nikamwambia sizungumzii watu, nazungumzia goti. Akasema amekwisha kumwambia Kaijage kwamba ndugu wa bwana harusi ni yule wa redioni. Kaijage anakuja kesho na ndugu zake, kumwona. Hata mahari wamezungumza vizuri kwa sababu hiyo.

"Utaanza tu, mwana wange. Mara mbili, tatu. Mdogo wako atamaliza."

Hakunitazama alipokuwa anasema. Ile sura ya siku niliyofika haipo tena.

Jumamosi, 20 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Naandika nimekaa kitandani.

Mtumbwi wa kukamulia uko uani, umejaa ndizi na nyasi. Kaijage amefika, na watu wengi. Balozi anawasimulia tena kile kichwa. Sasa nimekipiga damu ikinitoka.

Sikulala sawasawa. Jezi ilikuwa imesimama kwenye mtumbwi, inakanyaga. Haitelezi.

Ildefons alikuja mapema, akasema niseme naharisha, yeye ataanza, hakuna mtu atakayefuatilia kuhara kwa mtu. Nikamwuliza, na wakimnyima Georgina? Akatoka kwenda kupanga ndizi.

Mama ameniosha miguu kwa maji ya moto. Ule wa kushoto ameuosha polepole, kama wa mtoto mchanga. Nadhani anajua. Nilimwuliza magongo yangu yako wapi. Baba ameyapandisha darini, wageni wasiyaone.

Nimesimama. Nimekaa tena.

Wananiita. Ildefons yuko mlangoni. Amenyoosha mkono nimshike. Mkono wake una maji ya ndizi, unateleza. Naweka kalamu, naushika.