Siku Salma Aliposoma Kwenu

Shoga yangu Nambua,

Nimekaa jikoni hapa hapa Bellevue, Johannesburg, kwenye kiti chako chenye mguu mbovu. Nianze na sifa, si wanijua? Salma wetu sasa anafundisha walimu! Walimu wenyewe, shoga, weupe kwa weusi, wengine wana mvi. Jumamosi alinipeleka nikamwone. Kila aliyenipa chai nilimwambia, "Huyo aliyesimama mbele nimemzaa mimi."

Somo lao lilikuwa hili: kwa nini meza ya watoto "wasiojua kusoma" kila darasa imejaa weusi. Salma akaandika ubaoni neno moja la Kiingereza: same. Akauliza, "Mtoto akisoma Sa-me, hajui kusoma?" Wakasema hajui. "Amesoma," akawajibu, "ila ninyi hamjui anakotoka." Ndipo akawasimulia habari zako.

Unaikumbuka siku ile? Salma ana miaka sita, kafungua kitabu cha shule, akaruka: "Mama mdogo, humu wameandika kwenu!" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Eish! Kumbe Same yetu ya Upareni imenitangulia Joburg!" Herufi zote ulimfundisha wewe, kwa Kiswahili, hapa mezani, huku nakanda maandazi.

Halafu mwalimu wake akaniita. Kiswahili cha nyumbani, akasema, kinamharibu mtoto. Mimi wa darasa la saba nimbishie mwalimu mzungu? Nikakusimamisha mlangoni: "Usimfundishe tena mwanangu. Unamrudisha nyuma." Ukasema tu, "Haya, Mama Salma." Ukaondoka na kalamu yako mkononi.

Hilo unalijua. Usilolijua ni hili: mtoto alipolia akikutaka, nilimwambia, "Mama mdogo amekuchoka."

Amelibeba mpaka leo, Nambua. Jumamosi aliwaambia wale walimu, "Aliyenifundisha kusoma alinichoka. Sijui nilimkosea nini." Na mimi, mwenye mdomo wangu huu, nikaangalia kikombe.

Ulipougua alikuja kukuuguza, akawa anakuita "aunty," kama mgeni. Nami nilikuwa pale pale, nakunja shuka. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema, mpaka tukakuzika.

Nisamehe, shoga. Najua nimechelewa.

Jumapili anakuja kula. Nitamkalisha kwenye kiti chako, nimwambie kwamba hukumchoka hata siku moja, mlango niliufunga mimi. Akinikasirikia, na anikasirikie. Nitasema kwa Kiswahili. Chake sasa ni cha kuokoteza, kwa hiyo nitakwenda polepole, herufi kwa herufi, kama ulivyokuwa ukimfundisha.

Pumzika, mama mdogo wa mwanangu.

Mimi,
Mama Salma