Picha ya Kaburi Lako kwa Mama Mkubwa

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, ila na wewe siwezi kuanza bila hiyo.

Picha ya kaburi lako nimepiga mimi. Mama Mkubwa, dada yako, alikuwa amelazwa Mwanza siku tulipokuzika. Akapiga simu: "Nipigieni picha nione mdogo wangu alipolala." Wote wakanigeukia, kwa sababu kamera yako uliniachia mimi.

Unanijua. Darasani jibu ninalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na bado nainamisha kichwa mwalimu asinione. Na wewe hukuwa mtu wa kupiga picha ya kaburi kimyakimya. Likizo zile tulizozunguka pamoja, Kiomboi, Mkiwa, kuwapigia watu wa mbali picha za makaburi ya kwao, ulikuwa unavua kofia, unapiga hodi kwa sauti, unamtaja aliyekutuma: "Bibi, mwanao wa Mbeya anakusalimu. Hajakusahau, kazi tu zimembana." Ndipo unafungua kamera. Wenye mji wengine walicheka, wengine walilia, wote walikuletea kiti. Pale Mkiwa kijana mmoja akakuuliza, huchoki kupiga wafu? Ukamjibu, "Hawa ndio wateja, bwana. Hawatikisiki." Nilicheka mpaka nikaona aibu. Sijaona mtu mwingine anayejua kuheshimu na kutania kwa wakati mmoja.

Sasa juzi jioni nimesimama kwako, nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa. Udongo bado haujashuka. Watoto wa jirani wamejipanga, wananiangalia. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Mmoja akasema, "Dada anaogopa!" Mwenzake akasema, "Haogopi, anasali, we!"

Nikataka kupiga haraka nikimbilie ndani. Halafu nikawaza: mtu aliyewapigia hodi wote, leo yeye ndiye apigwe picha bila hodi?

Hapana, Mjomba.

Nikasema. Sauti ilitoka mbovu, lakini ilitoka. "Hodi, Mjomba. Dada yako anakusalimu. Alitaka sana kuja." Nikalia, nikapiga.

Jua lilikuwa mgongoni kwangu, sikuona kwamba kivuli changu kimeangukia kwenye maua ya kaburini. Mama Mkubwa alipoipata akapiga simu. "Huyo aliyesimama naye ni nani?" Nikamwambia ni mimi, samahani, nitarudia kesho.

"Usirudie. Niachie hiyo hiyo."

Jumamosi naenda Mungaa. Kuna dada yuko Arusha, anataka kuona kaburi la baba yake. Mama alisema atanisindikiza aniongelee kwa wenyeji. Nimemwambia anisindikize tu, kuongea nitaongea mwenyewe. Hilo nakuahidi, na mama amesikia, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Pumzika, Mjomba wangu. Nilijivuna sana kutembea na wewe, sikuwahi kukuambia.

Mpwa wako