Shamba Tuliloligawa kwa Kamba

Mpendwa Shangazi Beatha, nisaidie, maana hata sijui nianzie wapi. Mimi ni mkulima wa Uwemba, nimeolewa hapa nikitokea Bulongwa, na mume wangu Alois tulikuwa tunalima mahindi shamba moja hadi ubishi ulipoingia, yeye anasema mbolea ya dukani peke yake ndiyo inayotoa mahindi, mimi nasema samadi peke yake, kwa sababu udongo umekuwa mgumu na kila mwaka anachoma mabua, tukabishana mpaka tukavuta kamba katikati ya shamba, huku kwake, huku kwangu. Kabla ya kupanda alinifuata zizini, akaniambia taratibu, "Mama Lightness, nigawie samadi kidogo na mimi nijaribu." Ng'ombe nilipewa na baba yangu, basi nikamjibu, "Samadi yangu haivuki kamba." Aliinamisha kichwa, akaondoka. Shangazi, mahindi yake yalidumaa, yangu yakawa ya njano, hatukupata hata ya kula mpaka Krismasi, na mama mkwe alisimama shambani akalia. Sasa Alois yuko Makambako anapakia magunia ya watu, nikipiga simu anaulizia watoto tu, anakata. Ningejua, ningempa samadi yote. Nifanye nini?

Hosiana, Uwemba

Hosiana, pole. Lakini mtu mbishi alikuja kuomba kwa upole, nawe ukamfukuza. Hilo ndilo linalokuuma, na acha likuume.

Shambani mlikosea wote. Udongo uliochomewa mabua miaka yote haushiki mbolea ya dukani, mvua inaiosha. Na wewe, nina hakika uliitia samadi mbichi, tena kidogo, ukategemea itoshe. Haitoshi!

Irundike sasa pamoja na mabua, ifunike isinyeshewe, uigeuze mpaka iwe nyeusi na isinuke. Mwombe afisa ugani apime udongo. Akikuta una tindikali, tieni chokaa ya kilimo mapema. Wakati wa kupanda, samadi na mbolea ya kupandia ziingie shimo moja, mfukie udongo kidogo ndipo mbegu. Ya kukuzia wekeni ardhi ikiwa na unyevu. Mahindi yapokezane zamu na maharage. Na usitegemee udongo huo upone kwa msimu mmoja.

Haya usimwambie kwa simu. Panda gari uende Makambako, umkute hapo anapopakia, uombe msamaha kwanza. Habari za mbolea baadaye. Akikataa kurudi, sina dawa ya maumivu hayo. Ila rudi ulime hata upande wake, kwa uangalifu uleule, maana watoto wanalishwa na shamba lote.