Kichwa Kinatetemeka, Mkia Unalaumiwa

Shoga, leo nimeona kinyaa!

Pikipiki ya mbio ya mjukuu wangu wa kike imetikisa usukani tena, nami nimepakiwa nyuma. Nusura tuzikwe pamoja!

Tukamrudia fundi aliyeifungua juzi. Ati, "Bibi, wewe mzito, unanyanyua mbele." Mimi! Mzito!

Mjukuu wangu akainua gurudumu la mbele, akalivuta: koto koto. Nati ya shingo ya usukani imelegea! Fundi alisahau kuikaza, na bado anacheka. Anacheka, shoga!

Nikamtegea: "Kitendawili! Kichwa kinatetemeka, mkia unalaumiwa."

Akashindwa, akanipa mji.

"Mji wako siutaki," nikamwambia, "mpe mjukuu wangu spana."

Binti akaikaza mwenyewe. Tumerudi, usukani umetulia tuli. Na yule mzito alikuwa nyuma vilevile!