Mti wa Kukata Ndoa

Osaka, 2 Oktoba 1956

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baba hajambo? Mimi mzima, tena nina furaha tele: wazazi wa Isamu wamekubali harusi iwe Novemba 18. Nitatoka nyumbani nimevaa kimono chako, twende kwa miguu hadi kwao ng'ambo ya kilima. Njia ya juu imefukiwa na maporomoko, iliyobaki inapita chini ya ule mti. Mama, ni mti tu. Niambie utanisindikiza.

Mwanao, Sayo

Kurotani, 9 Oktoba

Sayo mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila magoti yangu. "Ni mti tu"! Mama yako mdogo Kinu alipita chini yake akiwa bibi harusi, akaachika kabla vikombe vya harusi havijakauka. Watu hutoka mbali kuja kubandua gome lake, wamtilie mume kwenye chai, ndoa ife. Isamu nampenda, ndiyo maana sitaki. Ukipita pale, mimi sikusindikizi.

Mama yako

Osaka, 15 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Si wewe uliyemtilia Baba gome hilo kwenye pombe yake, ati aachane na ulevi? Akaomba kikombe cha pili! Bibi yake Isamu ni mzee sana, hawezi kungoja njia itengenezwe. Nitapita. Lakini bila wewe nitalia njia nzima, poda inichuruzike. Nijibu, tafadhali.

Mwanao, Sayo

Sakashita, 19 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Hukunijibu. Nilipokuja ulinivisha kimono, kisha ukatoweka. Nilitembea na Baba nikijikaza. Tukakata kona, lahaula! Mti umefungwa mikeka toka mizizini hadi matawini, na wewe juu ya ngazi unafoka, "Pita upesi! Mti hauoni kitu!" Hata mkeka wa Baba wenye doa la pombe! Nilicheka mpaka poda ikachuruzika. Ukashuka, ukanishika mkono hadi kwao. Asante, Mama. Isamu atakuja kuifungua mikeka airudishe.

Mwanao, Sayo

Kurotani, 23 Novemba

Bibi harusi wangu,

Marahaba. Isamu asiiguse. Mke wa seremala alikwenda na kisu kutafuta gome, akakuta mti umevaa; karudi kupika, na mumewe bado anakoroma. Kwa kuwa mikeka iko mtini, mpunga tunauanika juu ya milango aliyoing'oa Baba yako, na baridi yote inaingia ndani. Nyumba kimya. Jana nilipakua bakuli tatu, nasi tuko wawili.

Njoo uifungue wewe mwenyewe, mwanangu. Usiogope kupita. Mti ule hukata ndoa. Mtoto na mama yake hauwawezi.

Mama yako