Kiti cha Mbele cha Gari la Zubery

Mlandege, Iringa,
11 Aprili 1956.

Mpendwa mdogo wangu Bibie,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Shemeji Matano hajambo? Na kifua cha Mama kimetulia? Sisi ni wazima wa mwili. Habari za moyo nitakueleza.

Tumetoka Mbeya na gari la mume wetu Zubery kuja kwenye arusi ya wifi yangu. Mimi mke mkubwa nilipanda nyuma, juu ya magunia ya mchele, nimejitanda kanga mbili kwa baridi. Mbele alikaa mke mwenzangu Tusekile, mkoba mapajani. Tangu aolewe mwaka jana kile kiti ni chake. Bibie, naona wivu, wewe sikufichi.

Kabla ya Igawa tulikuta daraja limebomoka, magari yanapita majini. Katikati ya mto gari likazimika. Zubery akaliacha kwenye gia lisirudi nyuma, akashuka, akafungua boneti, akakuta injini imelowa. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, mto unajaa huku tunauona. Abiria wanaume wakashuka kusukuma. Gari halikusogea hata shibiri, maana gia imeyashika magurudumu. Mkondo ulishaanza kuligeuza, na Zubery alikuwa kalizuia kwa bega, hathubutu kuachia.

"Tusekile, toa gia!"

"Gia ndiyo ipi, jamani?"

Unaikumbuka miaka ile gari letu halina stata? Zubery alipozungusha hendeli pale mbele kuliwasha, nani alikaa ndani? Mimi. Ningesahau kutoa gia, gari lingemrukia likamkanyaga. Basi nikashuka kwenye magunia, maji kiunoni, nikaingia mlango wa dereva. Nikawapigia kelele waache kusukuma kwanza, maana gia ikibanwa haitoki. Nikakanyaga klachi, nikauvuta ule mkono wa gia mpaka ukacheza kulia na kushoto. "Haya, sukumeni!" Likatoka.

Sasa hapa arusini Zubery anawasimulia watu, "Mke wangu ndiye aliyetuokoa." Yupi, hasemi. Wageni wanampa mkono Tusekile, maana ndiye waliyemwona akishuka mbele.

Jana Tusekile akanifuata jikoni, akapiga goti kama adabu ya kwao Tukuyu. "Dada, nimewaambia siyo mimi, hawanisikii. Nifundishe ile gia." Hana kiburi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nikamwambia nina vyungu vya kuosha.

Kiti amekipata, na mume tunagawana. Akijua na kutoa gia, mimi nitabaki na nini katika gari lile?

Mbusu Mama mikono, msalimie Matano, na shangazi Mwanaidi mwambie kanga zake nazileta. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Kesho tunarudi Mbeya kwa njia ileile. Tuombee tuvuke salama, sote. Lakini usiniombee roho nyeupe, mdogo wangu. Bado siitaki.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwantumu